Siku tano za likizo mwezi Novemba: niotee kulungu lini, na wapi?

Mjukuu wa Kitui (Ohio)

Wawindaji wenzangu, salamu kwenu nyote. Huu utakuwa msimu wangu wa tatu wa kuwinda kulungu mkia-mweupe kwa upinde hapa Ohio. Kozi ya usalama nimeshaimaliza, leseni ninayo, na mwenye shamba amenipa ruhusa ya maandishi kama sheria ya hapa inavyotaka. Shamba lenyewe lina mahindi na soya upande wa juu, kijito upande wa chini, na katikati vipande viwili vya msitu vilivyounganishwa na ukanda wa miti usiozidi hatua arobaini kwa upana. Kazini napewa siku tano za likizo mwezi Novemba, mfululizo, na baada ya hapo sitapata nyingine mpaka Pasaka.

Nimesoma kwamba majike wengi hupandwa katikati ya Novemba, kwa hiyo mwaka jana nilichukua tarehe 14 hadi 18 na kuketi kwenye dungu langu ukingoni mwa mahindi kila asubuhi na kila jioni. Mpaka jioni ya siku ya mwisho nilikuwa nimeona majike watatu na kuchakuro wasiohesabika. Ilhali wiki moja kabla, nikiwa kazini, jirani alinitumia picha ya dume mkubwa akivuka barabara mchana kweupe, ulimi nje, kana kwamba amelewa. Je, likizo niichukue lini?

Jambo la pili linaniuma zaidi. Jioni hiyo ya mwisho alitokea dume mwenye pembe za ncha nane, akasimama yadi 38 kutoka kwangu, kifua kikinielekea mshazari, nami nikaachia mshale. Niliuokota ukiwa umepakaa uchafu wa kijani wenye harufu mbaya. Nilingoja dakika ishirini, nikafuata damu, nikamkurupusha vichakani karibu na kijito, na sikumwona tena ingawa nilitafuta hadi usiku na kutwa nzima ya kesho yake. Babu yangu aliwinda Kitui kwa upinde kabla ya Kenya kupiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na katika masimulizi yake yote sikumbuki mahali alipopoteza mnyama. Nilikosea wapi?

Mzee wa Dungu (Iowa)

Ndugu Mjukuu, tarehe zako zilikuwa nzuri kwa kulungu na mbaya kwa mwindaji. Kinachoamsha majira ya kupandana huku kaskazini ni kupungua kwa mwanga wa mchana, wala si baridi wala mwezi mpevu, na ndiyo maana tarehe hazisogei sana mwaka hadi mwaka. Jike hubeba mimba kwa siku 200 hivi, kwa hiyo anayepandwa katikati ya Novemba huzaa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, wakati majani yamejaa na mtoto ana pa kujificha. Jike mmoja huwa kwenye joto, yaani tayari kupandwa, kwa muda wa siku moja tu, na asiposhika mimba hurudia baada ya siku 28 hivi. Sasa jiweke mahali pa dume. Katika hizo tarehe zako 14 hadi 18, majike wengi wameingia kwenye joto kwa pamoja, na kila dume mkubwa ameshampata wake, amemsukumia kwenye kichaka au korongo la pembeni, na atakaa naye humo siku moja au mbili bila kwenda popote. Ukiwa juu ya mti utadhani msitu umehamwa. Wiki moja kabla ya hapo mambo ni kinyume: majike walio tayari ni wachache, madume wenye hamu ni wengi, na wanazunguka kutwa nzima wakitafuta, hata kuvuka barabara kama huyo wa picha ya jirani yako. Siku tano hizo zingekuwa zangu, kwa Ohio ningezichukua kati ya tarehe 4 na 10.

Kuna pia suala la saa. Nadhani ulikuwa ukishuka mchana kwenda kula. Mwezi wa kumi hilo halina ubaya, lakini katika wiki ninayoisema dume hupita sana kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu majike wamelala na yeye anawakagua malaloni mwao, kundi moja baada ya jingine. Panda giza likiwapo, uwe na chapati zako na chupa ya chai, na ushuke giza linapoingia. Dume wangu wa mwaka juzi nilimpiga saa sita na dakika kumi mchana, na chapati ilikuwa bado mdomoni.

Ukingo wa mahindi uache. Huo ukanda wa hatua arobaini ndio mlango wa shamba zima, maana dume anayetafuta hapendi kukata uwanja wazi, na akitoka kipande kimoja cha msitu kwenda kingine atapita humo. Mara nyingi atapita upande ule upepo unakokwenda, ili anuse malalo yote bila kuingia ndani. Kwa hiyo dungu likae upande huohuo, kiasi cha yadi ishirini kutoka njia yake, mahali ambapo harufu yako itapeperushwa kwenye soya iliyovunwa na si kwenye miti. Kumbuka pia kwamba hewa ya asubuhi ikipashwa na jua hupanda, na ya jioni ikipoa huteremka kufuata bonde kama maji, hivyo mtu aliyeketi juu ya kijito jioni anamwagia harufu yake kila kilicho chini. Mimi hubeba kichupa cha poda ya watoto na kuipuliza kidogo kila baada ya nusu saa nione inakwenda wapi. Upepo ukiwa wa upande mbaya, usipande dungu hilo siku hiyo, hata kama ni siku ya likizo uliyoililia.

Utaona vilevile mikwaruo ardhini chini ya matawi yaliyotafunwa, ambapo dume huparua majani, hukojoa juu ya tezi za miguu yake ya nyuma na kuacha harufu ya uso wake kwenye tawi. Mwishoni mwa Oktoba hilo ni gazeti zuri la kusoma, lakini akishaanza kuwafuata majike hulipitia kidogo sana, na mara nyingi usiku.

Na ukiwa juu, mkanda wa kufunga mwili mzima uwe umefungwa tangu miguu inapoiacha ardhi. Wawindaji wa dungu huumizwa na kuanguka kuliko kitu kingine chochote.

Fundi Kombo (Alabama)

Ninakubaliana na Mzee kuhusu Ohio, ila msomaji wa kusini asizichukue tarehe hizo kama zilivyo. Huku kusini-magharibi mwa Alabama madume huhangaika mwezi Januari. Kulungu wa majimbo ya kusini walikuwa karibu kwisha, wakarudishwa katika karne ya 20 kwa kuletwa kutoka sehemu mbalimbali, na kila ukoo unaonekana kuendelea na kalenda yake.

Kuhusu baridi, ni kweli kwamba mwanga ndio unaopanga tarehe, lakini dume aliyekwisha kuvaa manyoya ya kipupwe hawezi kukimbia mchana kutwa katika nyuzi joto 22, na kazi yake ataifanya usiku. Mwombe msimamizi wako akuruhusu kusogeza likizo siku mbili tatu mbele au nyuma, kisha tazama utabiri wa hali ya hewa. Siku ya kwanza ya baridi kali baada ya joto, ikiangukia katika wiki hiyo ya Mzee, ningeikosa kwa msiba tu.

Abu Salma (Columbus, mzaliwa wa Mombasa)

Kaka Mjukuu, wewe na babu yako mlikuwa na silaha mbili tofauti ingawa zote huitwa upinde. Mshale wa Mkamba ulipakwa sumu iliyochemshwa kutoka kwenye mti, na ukishazama penye nyama na sumu ikafika kwenye damu, ilikuwa inausimamisha moyo. Ohio imekataza mishale ya sumu, na chembe cha mshale wako huua kwa kukata tu. Lazima kikate mapafu au moyo, na eneo hilo kwa kulungu halizidi upana wa sahani ya wali. Babu angeweza kukosea kidogo bila kumpoteza mnyama, nawe huwezi.

Kifua kikikuelekea mshazari, bega linayafunika mapafu, na mshale unaopita nyuma ya bega unaishia tumboni. Ndivyo ulivyofanya. Mngoje ageuke ubavu, au bora zaidi makalio yake yakuelekee kidogo, kisha ufuate mstari wa mguu wa mbele kwenda juu na ulenge theluthi ya chini ya mwili. Akiwa anatembea, mlilie kwa mdomo kama mbuzi, "mee" moja fupi, naye atasimama kusikiliza. Lakini uwe umeshavuta upinde kabla ya kulia, kwa sababu atakutazama.

Kisha yadi 38 ni mbali. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde na mshale wako pengine mita 85. Kwa umbali ule, mlio wa upote ulimfikia sehemu tatu za kumi za sekunde kabla ya mshale, naye kulungu akishtuka hubonyea chini ili apate nguvu ya kuruka. Kwa yadi 20 nafasi hiyo inapungua karibu nusu. Mimi sipigi zaidi ya 25, na nimewaacha wengi waende zao.

Sasa kosa kubwa zaidi, maana hayo mengine humpata kila mtu. Damu nyekundu yenye povu ni ya mapafu, na hapo nusu saa inatosha. Damu iliyoiva, karibu nyeusi, ni ya ini, na hungojewa muda wa saa 4 hadi 6. Uchafu wa kijani ni wa tumbo: huyo unashuka mtini kimyakimya, unaondoka upande wa pili, na usirudi kabla ya muda wa saa 8, hata 12, kupita. Aliyepigwa tumboni asipofukuzwa hulala karibu na kufia hapo alipolala. Akikurupushwa huenda mbali, na hatoi damu ya kufuatwa. Ukikwama, Ohio inaruhusu mbwa aliyefungwa kamba kumtafuta kulungu aliyejeruhiwa.

Kwa Waislamu wanaosoma hapa, suala la kijito lina uzito wa pekee. Sisi wa pwani tulio katika madhehebu ya Shafii tunasema Bismillahi wakati wa kuachia mshale, na kwetu hilo ni sunna. Katika hadithi ya Adiy bin Hatim, sahaba wa Mtume, mnyama aliyepatikana baadaye akiwa na alama ya mshale wako peke yake ni halali, lakini aliyekutwa amekufa majini haliwi, kwa kuwa haijulikani kama ameuawa na mshale au na maji. Ukimkuta bado hai inabidi achinjwe, na kwa pembe na kwato zile usimwendee peke yako. Kulungu aliyejeruhiwa hupenda kukimbilia maji, kwa hiyo anayemfuata haraka anaweza kuipoteza nyama kwa njia mbili.

Mama Furaha (Dayton)

Mimi siwindi, mume wangu ndiye mwindaji, ila nyama yote hupitia kwangu. Novemba mchana kunaweza kuwa na joto, kwa hiyo matumbo yatoke palepale porini na mifuko ya barafu iingizwe kifuani. Tezi zile nyeusi za miguu ya nyuma msizishike kisha mkashika nyama, kwa sababu harufu yake haiondoki hata kwa ndimu.

Tena mpeleke kichwa kikapimwe. Ugonjwa wa kulungu wa kudhoofika, ule unaokula ubongo, ulionekana kwa mara ya kwanza kwa kulungu wa porini wa Ohio mwaka 2020 katika kaunti ya Wyandot. Mnyama anaweza kuwa nao akaonekana mzima kabisa, na moto wa jikoni hauondoi kinachousababisha. Sisi huiweka nyama kwenye friza, hatuigusi mpaka majibu yatoke. Paja halina mafuta, basi likiwa limepona kipimo likatwe dogo dogo na lipikwe polepole ndani ya sombe (majani ya muhogo) yenye mawese. Ukilichoma kama la ng'ombe utatafuna soli ya kiatu.

Mjukuu wa Kitui (Ohio)

Wazee wangu, Mama Furaha, asanteni sana. Nimeomba tarehe 4 hadi 8, na msimamizi amekubali kwamba nikimwarifu siku tatu kabla anaweza kuzisogeza hadi tarehe 10. Mazoezi ya nyuma ya nyumba nimeyarudisha hadi yadi 20 na 25 tu, nikiwa nimesimama juu ya ngazi ili pembe ya mshale ifanane na ya mtini.

Jumamosi nilikwenda kulihamishia dungu kwenye ule ukanda. Nilipokuwa nikifyeka njia ya kuingilia kutoka upande wa kijito, panga liligonga kitu kigumu chini ya miiba. Zilikuwa mbavu, nyeupe kabisa, na fuvu lenye ncha nane. Nilihesabu kutoka pale nilipomkurupusha mwaka jana nikiwa nimengoja dakika ishirini: hatua mia moja na sita.