Fundi kafunga breki za Land Rover 109 ya marehemu baba kulia kwa kushoto, nusura nimuue mama

Wakuu, salaam.

Nina hasira na sitaki kuificha. Jumamosi iliyopita nusura nimuue mama yangu mzazi kwenye mteremko wa Soni kwenda Mombo, kwa sababu ya mtu niliyemlipa ili gari isimame.

Gari ni Land Rover 109, Series III ya 1979. Baba aliinunua kwenye mradi mmoja miaka ya themanini. Bodi yake ni aluminiamu, imekaa miaka kumi na moja chini ya mwembe na haijaoza popote. Chesisi niliichomelea mwaka jana kwa mtu mwingine, na huyo sina neno naye. Ilibaki kazi ya chini: springi, breki, propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli), difu (gia za katikati ya ekseli). Nikaelekezwa gereji moja mjini. Jina sitalitaja, msinifuate PM (ujumbe wa faragha).

Spea nilinunua zote mwenyewe ili pasiwe na kisingizio. Springi pati nne, bushi zake, shokapu nne, shuu za breki za magurudumu yote, wili silinda sita (ndizo zinazosukuma shuu), masta silinda (pampu ya pedeli), oili sili za habu (raba zinazozuia oili isitoke kwenye kitovu cha gurudumu), krosi nne za propela (maungio yake). Shilingi 3,850,000, na nyingine nimezisubiri miezi miwili zitoke Uingereza. Ufundi 1,400,000, nikalipa nusu mwanzo na nusu siku ya kuchukua gari. Nikamkabidhi na kitabu cha ufundi cha gari hiyo, nimekichapisha na kukijalidi kwa plastiki, na kurasa za breki nimezikunja pembe.

Baada ya wiki tano akanipigia: "Bosi, chuma ipo tayari, imefanyiwa kila kitu."

Wanaoijua barabara ya Lushoto wanajua. Kilomita thelathini na kitu za kona tupu, huku mwamba, huku bonde. Mama alikuwa amekaa mbele na kikapu cha peasi mapajani. Tumeshaipita Soni, naikaribia kona, nakanyaga breki. Pedeli haikuzama. Ilikuwa ngumu kama nimekanyaga jiwe, na gari inaenda tu. Nikasimama juu ya pedeli kwa miguu miwili, inaenda. Gia ya tatu, ya pili, injini inalia, mama anasema "Yesu, Yesu". Nikavuta hendibreki. Hendibreki ya gari hii haishiki magurudumu, inashika shafti inayotoka kwenye gia boksi kwenda propela ya nyuma, na ukiivuta gari ikiwa kwenye mwendo unaweza kuvunja vitu vya ndani. Niliivuta hivyo hivyo. Ikapiga kishindo, ikaburuza, nikaiegemeza ubavu kwenye mwamba. Peasi zilitapakaa mpaka kwenye pedeli. Mama alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, si ulisema imetengenezwa?"

Tulifika Mombo kwa gia ya kwanza. Pale nikaonyeshwa mzee mmoja aliyefanya kazi ya Land Rover maisha yake yote. Hakufungua kitu kwanza. Aliniambia nisogeze gari mbele nikanyage breki, kisha nirudi rivasi nikanyage tena. Mbele inateleza. Rivasi inashika mpaka unataka kupiga kichwa kwenye kioo. Mzee akatikisa kichwa: "Sahani za mbele zimebadilishwa upande. Nani kakufungia hivi?"

Naeleza, maana kuna watu humu wana 109 na wanaweza kuwa wanatembea na kaburi. Breki za mbele za 109 ni dramu (ngoma inayozunguka na gurudumu, shuu zinaibana kwa ndani) za inchi 11, na kila gurudumu la mbele lina wili silinda mbili, kila shuu na yake. Zimepangwa hivyo ili gari ikienda mbele, mzunguko wa dramu wenyewe uivute shuu na kuzidi kuibana. Ndiyo nguvu ya breki zile, maana ni gari nzito. Sasa sahani inayobeba shuu ina ya kulia na ya kushoto. Ukiifunga ya kulia kushoto matundu ya bolti yanakubali, kila kitu kinaingia, lakini mzunguko unaisukuma shuu badala ya kuivuta. Unabaki na gari yenye breki nzuri ya kurudi nyuma.

Na magurudumu ya nyuma, ambayo yangetusaidia, mzee alipovua dramu oili ya difu ikachuruzika mpaka kwenye mchanga. Shuu mpya zimelowa, zinang'aa. Oili sili nilizonunua hazimo. Zilizomo ni zile zile za zamani, ngumu kama plastiki, midomo imekatika. Kuna mtu alivua habu, akaona sili imekufa, mpya ziko kwenye boksi mezani, akairudishia iliyokufa. Hilo siliiti kutokujua kazi. Ni wizi, kwa sababu zile mpya hakunirudishia.

Nilipofika nyumbani nikaingia chini ya gari na tochi siku nzima. Springi za gari hii pia zina upande. Ya upande wa dereva imekunjwa juu zaidi kidogo kwa sababu upande ule una mzigo wake, na namba zake ni tofauti, nilizifunga karatasi zenye maandishi makubwa KULIA na KUSHOTO. Kazibadilisha. Ndiyo maana gari ilikuwa inalalia upande wangu tangu siku ya kwanza, akaniambia springi mpya zinahitaji kuzoea. Bushi kazikaza gari ikiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Kitabu kinasema pini zikazwe gari ikiwa imesimama chini na uzito wake wote. Ukikaza hewani, ile raba inashikwa ikiwa imekaa vibaya, na ukishusha gari inajinyonga moja kwa moja. Wiki tatu tu, mbili zimeshachanika.

Halafu propela ya nyuma. Nilikuwa nasikia mtetemo kuanzia kilomita 60 kwa saa, unapanda kupitia kiti. Kabadilisha krosi sawa, lakini alipoitenganisha shafti hakupiga alama, akairudisha ilivyoangukia. Krosi moja ikiwa kwenye pembe haizungushi kwa mwendo sawa, inaharakisha na kupunguza ndani ya kila mzunguko. Ya upande wa pili ndiyo inayofuta ile tofauti, mradi uma (mikono ya shafti inayoshika krosi) za pande zote mbili zimelala mstari mmoja. Yangu zimepishana. Ningeendelea hivyo ningekula beringi za difu na za gia boksi. Alama mbili za chaki zingetosha. Chaki!

Nikampigia. Majibu yake nayaandika kama alivyoyasema: "Bosi wangu, hizo Land Rover za zamani breki zake ndo zilivyo, uzizoee tu."

Baba yangu ameshuka mlima ule miaka ishirini na gari hiyo hiyo, nyuma viroba vya viazi na kabichi, na ikisimamishwa inasimama. Usiniambie ndo zilivyo. Na asiniambie mtu kwamba gari ya zamani haina maelezo. Series III imetengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na kufikia 1976 kiwanda kilikuwa kimeshatoa Land Rover ya milioni moja. Kila bolti yake imeandikwa. Kitabu nilimpa mkononi! Nilipoenda kukidai nilikikuta juu ya kabati, plastiki safi, pembe nilizokunja ziko vile vile, hakuna hata alama moja ya kidole chenye grisi. Hakukifungua. Wiki tano hakukifungua.

Nimemwambia nataka 1,400,000 yangu yote, oili sili zangu mbili, na shuu za nyuma mpya kwa sababu zile zimeshakunywa oili na siziwashi kwa petroli kuzirudishia. Kama wewe pia una 109 na imepita kwa fundi yeyote hivi karibuni, tafuta uwanja mtupu, nenda mbele taratibu ukanyage, kisha rudi rivasi ukanyage. Ikishika zaidi rivasi, usiipeleke popote, fungua dramu za mbele.

Yangu iko juu ya magogo. Sahani nimeshazigeuza mwenyewe, propela nimeilinganisha, naanza springi kesho. Dramu moja ya mbele imechimbika na fundi mchongaji anasema haina tena unene wa kuchonga. Mwenye dramu ya mbele ya 109, inchi 11, au anayejua gari iliyolala yadi Arusha, Moshi au Korogwe, aandike hapa hapa. Nitaifuata mwenyewe, kwa basi.