Kondo la nyuma linafanyaje kazi likiwa maabara?

Mkunga_Arua: Jamani, mimi kila zamu natumbukiza kondo kwenye shimo nyuma ya wodi, basi. Juzi mwanafunzi toka Kampala kaniambia kuna wanaolipima likiwa bado hai. Hai vipi, na limeshatoka?

Fundi_Maabara: Ni hai, dada, kwa saa chache. Ukilipata ndani ya nusu saa hivi, unachagua kipande kisichochanika, unaingiza mirija pande zote mbili, ya mama na ya mtoto. Pampu zinasukuma maji yenye sukari na oksijeni, joto nyuzi 37. Dawa unaitia upande wa mama, unachota upande wa mtoto uone kama imepita. Antipirini, dawa ya zamani ya maumivu, hupita kirahisi, ndiyo ya kulinganishia. Heparini, ya kuzuia damu kuganda, haipiti, molekuli zake ni kubwa mno. Shida ni kuvuja! Niliyotupa ni mengi kuliko niliyomaliza.

Mama_Jinja: Si watumie panya?

Fundi_Maabara: La panya halifanani na letu. Na letu si chujio tu, lina vimeng'enya, yaani protini zinazogeuza kemikali: prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, nyingi hugeuzwa humohumo kabla ya kumfikia mtoto.

Mkunga_Arua: Na idhini? Huku wengine hutaka kulizika nyumbani.

Fundi_Maabara: Mama anasaini mapema, kabla ya uchungu. Akikataa, anapewa lake.