Tupeane uzoefu: kipindi cha muziki shuleni kimemsaidiaje mtoto wako (au wewe mwenyewe)?

Mama Watatu:
Wakuu habari za jioni. Juzi kwenye kikao cha shule kuna mzazi kalalamika eti vipindi vya kuimba vinakula muda wa hesabu, nikanyamaza maana ningefungua mdomo tungegombana. Wangu wa darasa la tatu ana kigugumizi, akiulizwa jina lake tu anahangaika mpaka wenzake wanamalizia, ila kwenye kwaya anaimba ubeti mzima hakwami hata neno moja. Mwalimu alivyogundua akampa kazi ya kuanzisha wimbo, yeye anatoa, wengine wanaitikia. Kigugumizi bado kipo nisiwadanganye, ila siku hizi akikwama wenzake wanamsubiri amalize na hawamcheki tena. Nyie je?

Mwl wa Zamu:
Mie nafundisha shule ya msingi huku Kanda ya Ziwa. Tulikua na dogo mtoro sugu, tumeita mzazi mara kibao wapi. Tukamkabidhi ngoma kubwa ya mstarini. Sasa pale kwetu ngoma isipolia watoto hawaingii madarasani, kwahiyo akichelewa shule nzima inamjua, na wale wa ngoma ndogo ndo wa kwanza kumsema. Jamaa akaanza kufika kabla hata mlinzi hajafungua geti 😂 Hesabu bado zinampiga chenga lakini angalau yupo darasani.

Shangazi Likoni:
Wacha mimi niwe mbaya kidogo. Huku Kenya tuna Music Festival ya mashule tangu 1927 na naipenda sana, lakini mwalimu akitaka kombe watoto wanaumia. Binti ya dadangu alifanya mazoezi na kwaya muhula mzima, siku ya mashindano akaambiwa "wewe fungua mdomo tu usitoe sauti". Alisimama jukwaani mbele ya watu na uniform yake safi akifungua na kufunga mdomo kama samaki. Sahii yuko form two na hata kanisani haimbi. Mnaposema muziki unampa mtoto kujiamini, semeni pia ni muziki wa aina gani.

Mwl wa Zamu:
Shangazi uko sahihi kabisa. Hata UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi huku Tanzania, kwaya na ngoma zinashindaniwa, presha inaanzia shule, inapanda kata, wilaya, mkoa mpaka taifa. Sisi tuna kwaya mbili, ya mashindano na ya Ijumaa. Ya Ijumaa hachujwi mtu, hata wanaoimba kama chura.

Mtu wa Unguja:
Wangu anasoma muziki pale DCMA (Dhow Countries Music Academy) Mji Mkongwe, chuo kipo tangu 2002. Anajifunza ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya kwenye taarab. Mie kilichonifurahisha ni ile taksimu, mmoja akipiga peke yake wengine wote wametulia, mikono magotini, hakuna wa kuingilia mpaka mwenzao amalize, na huyu ni mtoto ambaye nyumbani hakuna aliyewahi kumaliza sentensi mbele yake. Na wanaopiga naye wengine umri wa babu yake, wanamkosoa na anakubali, mie babaake nikimkosoa ananuna.

Besi ya Bomba:
Mi niliimba sauti ya pili kabla sauti haijavunjika. Waliowahi wanajua shida yake, sauti ya kwanza inakuvuta usipojiangalia, basi tunatia kidole sikioni ili ujisikie mwenyewe, halafu mwalimu anakuja anakitoa, anasema wasikilize ila usiwafuate. Nilikua mtu wa kufuata mkumbo balaa, wakitoroka natoroka. Sio kwamba niliacha siku hiyo hiyo, ila ile ya kusimama kwenye noti yako huku watu 20 wanaimba nyingine pembeni yako, nimeitumia sana mtaani. Na aliyekua ananigusa bega nikianza kupotea ni msichana ambaye darasani hatukuwahi hata kusalimiana.

Mama Watatu:
Asanteni sana. Mwalimu, hiyo kwaya ya Ijumaa mnaiweka saa ngapi na nani anaisimamia? Kikao kijacho naipeleka kama pendekezo, yule mzazi wa hesabu akija juu nawaita wote humu.