Umechapisha kitabu mwenyewe au kupitia kampuni? Tupeane uzoefu

Wakuu, heshima zenu. Kila mara naulizwa: mswada niupeleke kwa mchapishaji au nitafute kiwanda cha uchapaji nijichapishie mwenyewe? Naanza mimi, nanyi mshushe ya kwenu. Hela zitajwe, maana hapo ndipo tunafichana.

Riwaya yangu ya kwanza ilitolewa na kampuni moja hapa Dar. Sikuchangia hata senti, ila mirabaha ni asilimia 10. Kitabu kikiuzwa 10,000, changu ni 1,000, tena nasubiri mwaka ufungwe. Lakini mhariri wao! Mswada ulirudi umejaa wino mwekundu. Sura nzima ya harusi aliipiga mstari, akaandika pembeni: "Haya msomaji ameshayajua." Nilinuna, nikaisoma tena, nikaitoa. Kwa kazi hiyo tu, asilimia yao ni halali yao.

Wa Mwanza: Mkuu, mimi ni wa mashairi. Wachapishaji walinijibu kwamba hayauziki mpaka yaingie shuleni, nikajichapishia. ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, niliipata Bodi ya Huduma za Maktaba bila usumbufu. Kazi ipo madukani: wanapokea kwa mali kauli, wanakata asilimia 30, na hela yako unaifuatilia mpaka soli inaisha. Sasa nauza WhatsApp. Mteja akituma M-Pesa, kitabu kinapanda basi jioni hiyohiyo.

Wa Mombasa: Nyie mwauza kwa msomaji mmoja mmoja. Mie naandika vya watoto, na shule huku Kenya zaangalia kama kitabu kimeidhinishwa na KICD, taasisi ya kukuza mitaala. Mchapishaji ndiye aliyegharamia tathmini na kuzunguka na makaratasi. Peke yangu ningefika wapi?

Wa Arusha: Kuna "kampuni" imenipokea mswada siku hiyohiyo, ila wanataka nilipie kila kitu, na haki zibaki kwao. Nisaini?

Mimi tena, mwanzisha mada: Wa Arusha, usisaini ndugu yangu. Ukishalipia uchapaji wote, huyo umemwajiri. Haki ni zako. Na hata kwa kampuni ya kweli, tafuta kifungu cha kitabu kuadimika. Mkataba wangu unasema kisipochapwa upya kwa miaka miwili, naweza kudai haki zirudi kwangu. Muda huo umepita, na nataka toleo la pili nilitoe mwenyewe. Aliyewahi kudai akarudishiwa, atueleze alianzia wapi.