Mjadala: Je, asilimia ya imani ya raia itumike kumpima mkuu wa kituo cha polisi?

Mtoa mada: Nasema itumike. Tukimpima kwa makosa yaliyoripotiwa tu, tunampa sifa yule ambaye raia wameshachoka kumripotia. Daftari likikonda, kituo kinaonekana shwari. Dodoso la nyumba kwa nyumba, linalowauliza raia kama wana imani na polisi, humfikia hata aliyeibiwa akanyamaza.

Mchangiaji 1: Hesabu inakukatalia. Ukihoji watu 400 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, jibu linaweza kukosea kwa takriban alama 5 juu au chini. Ukilinganisha miaka miwili, kosa kwenye tofauti yake linafika alama 7. Kwa hiyo imani ikitoka asilimia 52 hadi 56 huwezi kudai imepanda, na kwa alama hizo nne mtu atapewa cheo! Tena ukihoji watu kumikumi mtaa mmoja, majibu ya majirani hufanana. Hao 400 wanaweza kubaki na uzito wa 200.

Mchangiaji 2: Hata sampuli iwe kubwa, mlangoni ndiko inakoharibikia. Mdadisi akimhoji yeyote anayefungua, anapata wazee na wanaoshinda nyumbani. Vijana wa kiume, ambao ndio husimamishwa sana barabarani, wanakosekana. Orodhesha watu wazima wote wa kaya, chagua mmoja kwa kura. Asipokuwepo rudi hadi mara tatu kwa saa tofauti, jioni ikiwemo. Usimhoji nduguye badala yake. Na kiongozi wa mtaa asiongozane na mdadisi: akisimama pale, hata mwenye kinyongo atasema "polisi wetu wazuri".

Mtoa mada: Hayo yanarekebishika. Hoji watu 100 kila mwezi, usome jumla ya miezi 12: ni watu 1,200, na kosa linashuka hadi kama alama 3.

Mchangiaji 3: Mnasahau swali lenyewe. Mwaka 2009 serikali ya Uingereza iliwawekea polisi wa England na Wales shabaha moja ya imani ya umma, ikafutwa 2010. Swali lake liliwaweka polisi na halmashauri pamoja. Aliyeridhika na polisi lakini hajaridhika na halmashauri ajibu nini? Halafu kuna "sijui". Kati ya watu 100, 48 wana imani na 20 hawajui. Ukiwahesabu hao 20, imani ni asilimia 48. Ukiwatoa, ni 60. Ripoti mbili, raia walewale. Mimi ningeuliza yaliyotendeka: ulipopiga simu walifika? Uliposimamishwa uliambiwa sababu? Kuna aliyekujulisha kesi imefikia wapi? Hapo mkuu wa kituo anajua cha kurekebisha Jumatatu asubuhi.

Mchangiaji 1: Maswali hayo nayaunga mkono, na waliokutana na polisi mwaka uliopita wapewe safu yao kwenye jedwali. Cheo bado nakataa. Kikifungwa kwenye asilimia, askari watapita kuwaomba raia majibu mazuri kabla ya wadadisi.

Mtoa mada: Basi orodha ya mitaa iliyochaguliwa isifike kituoni mpaka dodoso la mwisho lijazwe.