Redio za kaseti kwenye magari ya zamani: tupeane uzoefu

mzee_wa_504
Wakuu, habari za leo. Kuna mlio ambao vijana wa flashi na bluetooth hawaujui: ule "tak!" wa redio ya gari kanda ikifika mwisho na kugeuka yenyewe upande B, halafu mvumo kidogo kabla gitaa halijaingia. Uzi huu ni wa mlio huo. Philips waliitoa kaseti mwaka 1963, na huku kwetu imetumika kwenye Peugeot 504, Datsun na Land Rover mpaka magari yenyewe yakachoka. Anayejua kuzifungua, kuzifunga na kuzitunza redio hizi aweke ujuzi wake hapa. Tuanze na ugonjwa mkubwa: redio kula kanda.

fundi_hedi
Umegusa penyewe mkuu. Wengi hulaumu kanda, kumbe mkosaji ni redio.

Ndani kuna kijiti cha chuma chembamba kama msumari, kapstani, kinachozunguka kwa mwendo uleule muda wote. Kigurudumu cha mpira huibana kanda kwenye kijiti hicho, ndipo inapita mbele ya hedi, yaani kichwa kinachosoma sauti, sentimita 4.76 kila sekunde. Kazi ya kapstani ni kutoa kanda tu. Anayeipokea na kuikunja ni kile kijino cha upande wa pili, kinachoendeshwa na belti. Belti ikilegea, kijino kinasimama huku kapstani inaendelea kutema. Kanda haina pa kwenda: inajikunja, inanata kwenye mpira, inaanza kuizunguka kapstani mzingo juu ya mzingo. Mwimbaji anasikika kama anazama majini, kisha sauti inakuwa nzito, kisha kimya. Sekunde 10 tu, karibu nusu mita imeshamezwa.

Hapo ndipo dereva hubonyeza kitufe na kuvuta kwa nguvu. Usivute kabisa! Zima redio, itoe kwenye dashibodi, fungua skrubu za mfuniko wa juu. Utaona gurudumu zito la chuma chini ya kapstani. Lizungushe kwa kidole kinyume na mwendo wake, taratibu, huku kidole cha mkono mwingine kinapokea kanda inayofunguka. Ikigoma kabisa, kata sehemu moja tu kwa wembe, karibu na kapstani. Ukishaitoa, pitisha sehemu iliyojikunja katikati ya kitambaa laini cha pamba, kisha kunja kwa kalamu. Usipige pasi. Pale palipokunjamana sauti itafifia kidogo milele, lakini wimbo utabaki.

kanda_tisini
Kalamu ya Bic yenye pembe sita. Inaingia kwenye meno sita ya kaseti kama imetengenezewa.

dada_wa_taarabu
Na ikikatika, unganisha kwa selotepu ya kawaida, kata iliyozidi, basi.

fundi_hedi
Hapana dada, hiyo ndiyo inayoua hedi. Gundi ya selotepu hutoka pembeni joto likipanda, na gari lililoegeshwa juani ni tanuri. Kanda inagandana na mzingo wa pili, kisha gundi inahamia kwenye hedi. Tafuta tepu maalumu ya kuungia kanda. Kata ncha zote mbili kwa mshazari wa nyuzi 45, zikutanishe bila kupandana, bandika upande wa nyuma, si upande unaogusa hedi.

mzee_wa_504
Hapo sawa. Ila kwenye gari usiweke C120, yaani kanda ya dakika 120, hata kwa dawa. C60 ina unene wa takriban mikroni 18 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), C90 kama 12, C120 kama 9. Ile ya 9 ni utando. Redio ambayo haijawahi kula kanda itaila hiyo.

kanda_tisini
Mzee, C90 nayo unaikataa? Albamu mbili ndani ya kanda moja, safari ya Dar hadi Morogoro hugusi kitu.

mzee_wa_504
Kwa gari, C60. Sibadili neno.

kanda_tisini
Redio yenye belti nzima na mpira msafi haichagui C90. Tatizo ni matunzo.

mwana_wa_kariakoo
Kusafisha hedi: pamba ya masikio na marashi kidogo, inang'aa.

fundi_hedi
Marashi yana mafuta, yanaacha utando. Tumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Futa hedi na kapstani mpaka pamba itoke nyeupe. Kigurudumu cha mpira kifute kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, maana alkoholi ikizoeleka mpira unakauka na kupasuka. Mpira uking'aa kama kioo umeshakuwa mgumu, hauna mshiko, badilisha. Belti iliyogeuka lami nyeusi ikwangue yote kabla ya kufunga mpya, na mpya iwe fupi kama asilimia 5 kuliko ile ya zamani, kwa sababu ya zamani imeshavutika.

Sauti ikiwa nzito bila zile sauti kali za juu kusikika ingawa hedi ni safi, angalia skrubu ndogo yenye springi ubavuni mwa hedi. Kanda ikiwa inacheza, zungusha skrubu hiyo robo mzunguko kwenda na kurudi, usikilize matoazi. Pale yanapokuwa makali kuliko kote, acha. Tone la rangi ya kucha juu yake ili mtikisiko wa barabara usiilegeze.

dereva_wa_masafa
Mnasema kanda, mie naleta moto. Lori la volti 24, betri mbili za volti 12 zimefungwa mfululizo. Redio ni ya volti 12. Fundi akachukua umeme kwenye betri moja tu. Redio inapiga vizuri, kila mtu anafurahi. Lakini oltaneta, jenereta ya gari, inachaji zote mbili pamoja kama betri moja. Inayolisha redio hubaki na njaa, mwenzake anashiba kupita kiasi, maji yanachemka, gesi inajaa kwenye sanduku la betri. Cheche moja, sanduku linapasuka na asidi inaruka mpaka kwenye chesisi. Na yule aliyepeleka volti 24 moja kwa moja kwenye redio, alisikia "puu" moja na harufu. Kwisha.

mwana_wa_kariakoo
Duh! Asidi?

kanda_tisini
Sasa tufanyeje, maana malori ya hivyo yako mengi.

dereva_wa_masafa
Funga kibadilisha umeme cha 24 kwenda 12 chenye ampea 10 au zaidi, na fyuzi karibu na betri, si nyuma ya redio. Waya wa njano ni wa umeme wa kudumu, unaoshika saa na stesheni. Mwekundu unafuata ufunguo. Ukibadilishana hizo mbili, kila ukizima gari redio inasahau stesheni zote, na fundi atakwambia redio ni mbovu. Mweusi ni ardhi, uufunge kwenye chuma cha gari kilichokwanguliwa rangi.

bahari_ya_mombasa
Na za Japani nazo? Zina tundu la kanda, la CD na lile la MD (minidisc, diski ndogo) ambalo huku halikuwahi kuona diski, lakini FM inaishia 90.

fundi_hedi
Japani FM yao ilianzia megahezi 76 ikaishia 90, yetu ni 88 mpaka 108. Kuna kisanduku kinachochomekwa kati ya antena na redio, kinashusha masafa. Kikishusha megahezi 12, stesheni ya 100.0 utaipata 88.0. Lakini redio ina nafasi ya 14 tu na sisi tunahitaji 20, hivyo kimoja hakitoshi kuleta stesheni zote. Chagua kulingana na unazosikiliza.

dada_wa_taarabu
Mie nina swali moja, fundi. Kanda za taarabu za Pwani zina ukungu mweupe kwenye kingo, unaonekana kwenye kidirisha. Nizipige nihamishe kwenye flashi?

fundi_hedi
Usizipige bado. Ukungu unahamia kwenye hedi, na kanda inayofuata inaambukizwa. Kama kaseti ina skrubu tano, fungua, toa kanda na magurudumu yake, futa kingo kwa kitambaa kikavu ukiwa nje ya nyumba, kisha hamishia kwenye ganda jipya. Kama imegundishwa, ipasue kwa kisu kwenye mshono. Baada ya hapo ikunje mbele hadi mwisho na kurudi, mara mbili, bila kupiga. Ndipo urekodi, kwa deki ya nyumbani yenye hedi safi, si redio ya gari.

dada_wa_taarabu
Yangu ina skrubu. Asante, fundi.