Eafoni ya waya, kushoto inapiga chini. Ninunue ipi?

Kinanda_Mwanza (mleta mada)
Wakuu, poleni na majukumu. Natafuta eafoni ya waya ya kuzama sikioni: sauti safi, isiumize ukikaa nayo muda mrefu, waya usikatike pale kwenye jeki. Niliyonayo kushoto inapiga chini, kulia iko freshi. Nachanganya sauti za kwaya, kwa hiyo Bluetooth msinitajie, inachelewesha sauti. Bajeti sio tatizo. Naomba kuwasilisha.

Besi Nzito
Bajeti sio tatizo halafu uko jukwaa hili na sisi? Taja bei mkuu.

Mzee wa Kirumba
Vijana mnapenda kununua. Sisi tulikuwa na redio kaseti, kanda ikilegea unaizungusha kwa kalamu. Hatukujua kushoto wala kulia, spika yenyewe ilikuwa moja na mtaa mzima unasikiliza.

Sauti Safi
Shikamoo mzee, ila turudi kwenye mada. Upande mmoja ukififia, kwanza tazama kile kiwavu cha mdomoni mwa eafoni. Nta ya sikio inakiziba. Isugue kwa mswaki mkavu, mdomo wake ukitazama chini, taka zisirudi ndani. Pili, zungusha jeki taratibu. Sauti ikikatakata, kosa ni waya.

Ukinunua mpya, tafuta yenye waya unaochomoka, ukifa unabadilisha waya peke yake. Moondrop Chu ya kwanza haichomoki, Chu II inachomoka. KZ ZSN Pro ina spika mbili kila upande, moja ya besi na moja ya sauti za juu. Mimi hizo za juu zinanichoma kidogo. Usihesabu spika, wauzaji ndiko wanakokupatia.

Na mipira! Mpira mdogo unaacha upenyo, besi yote inatoroka, halafu mtu analaumu eafoni. Mkubwa unabana, baada ya muda sikio linauma. Wa sponji unaziba vizuri na ni laini, ila unachakaa upesi. Waya upitishe nyuma ya sikio, ile kelele ya kusugua shati inapungua.

Kinanda_Mwanza
Shukrani mkuu. Nimesafisha, nimebadili mipira, bado. Nipeni jina tu la kununua.

Mama Pili
Mwanangu alinunua ya elfu tatu stendi, ikavuma kama nyuki ndani ya kopo. Akaihamishia kwenye simu ya baba yake, baba mtu anaifurahia mpaka leo, ati besi inamtuliza. Wanaume mna masikio ya ajabu.

NesiWaZamu
Kaka, umejaribu kuzigeuza? Ile ya kulia uiweke sikio la kushoto.

Kinanda_Mwanza
Nilishafanya hivyo zamani.

NesiWaZamu
Ikawaje?

Kinanda_Mwanza
Bado kushoto ndiko chini. Lakini msikimbilie huko! Simu napokea kwa sikio hilohilo na nasikia. Ni uchovu tu, tunakimbizana kumaliza albamu kabla ya Pasaka. Halafu kuna jamaa anatoka Guangzhou, nimeshamtumia laki mbili, nusu ya bei, na hairudishwi. Swali langu liko palepale: ya spika nane kila upande inafaa?

Besi Nzito
Kumbe eafoni ya watu inasingiziwa bure! Muulize huyo jamaa wa Guangzhou kama ana sikio la kushoto.

NesiWaZamu
Acha utani. Kaka, fumba mdomo uvume "mmmm". Ukisikia zaidi kushoto, upande wenye shida, mara nyingi njia imeziba, huenda ni nta, na hiyo inatolewa. Ukisikia zaidi kulia, shida inaweza kuwa ndani kwenye neva. Hiyo ikitokea ghafla ni dharura, dawa inasaidia ukiwahi, wiki mbili zikipita nafasi inapungua sana. Mwanza mna hospitali ya Bugando, nenda kitengo cha masikio. Na usichokonoe na pamba za vijiti, zinasukuma nta ndani.

Unasikiliza kwa sauti kubwa kiasi gani? WHO wanasema desibeli 80 ni saa 40 kwa wiki. Ukifika 90, ni saa 4 tu, kwa wiki nzima.

Kinanda_Mwanza
Dada nesi, mwalimu wa kwaya akisikia fundi mitambo ana sikio moja, nani ataniita tena? Na sijashindwa kazi. Kushoto nimekupandisha kwenye programu, sasa pande zote nazisikia sawa.

Sauti Safi
Ngoja kwanza. Umepandisha kushoto? Basi mwenye masikio mazima atasikia waimbaji wote wamehamia upande mmoja wa kanisa. Tazama mita za programu, zile zinazoonyesha ukubwa wa sauti kila upande, hazina uchovu.

Mtumishi
Kazi ya Bwana haifanywi kwa kuficha. Waambie ukweli, watakuombea.

Mama Pili
Watamwombea na watatafuta fundi mwingine, Mtumishi. Kwaya nazijua, nimeimba sauti ya pili.

Kapuku Mjanja
Wakuu mnakunywa chai ya moto hivi hivi? Mwaka jana huyu alifungua uzi anauza pikipiki, akasema ni bodaboda wa Tabora. Leo fundi mitambo Mwanza. Subirini, ukurasa unaofuata anaingia "jamaa wa Guangzhou" na namba ya malipo.

Kinanda_Mwanza
Pikipiki ilikuwa ya shemeji, nilimwandikia tangazo kwa jina lake. Kuna sheria ya kutokuwa na shemeji Tabora?

Kapuku Mjanja
Tupia picha ya hizo mita.

Kinanda_Mwanza
Kesho. Umeme umekatika.

Besi Nzito
Umekatika kushoto au kulia?

Sauti Safi
Chai au siyo, ile habari ya mita ni ya kweli. Nina rafiki alichanganya albamu nzima hivyo.

Kapuku Mjanja
"Nina rafiki." Haya, kikombe cha pili hicho.

Kinanda_Mwanza
Dada nesi, nimevuma. Nasikia zaidi kulia.

NesiWaZamu
Lilianza lini? Nijibu hilo tu, mengine acha.

Toto la Ilala
Sijasoma uzi wote, ila mkuu chukua yoyote yenye besi, hutajuta.